Kiungo Kilichozungushwa Kushoto

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku juu ya maji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti la mama limepunguza kelele. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala kiasi, na tumbo limeizoea meli kuliko nchi kavu. Utaona wino umetapakaa kila mstari, kama kawaida ya huyu Shoto wako. Mkono wa kushoto huandika huku ukijifutia. Vumilia, ulishazoea tangu shule.

Najua utashangaa mtu wa mawasiliano kuandika kwa kalamu. Simu ipo, dada, na mtandao wa meli unafika. Nimekupigia mara mbili tangu nipate ujumbe wako, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama paa la jiko bado linavuja. Nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kukata simu.

Kwanza habari za kazi, ujue nilipo. Tumerudi kuufuata ule mkongo, waya mnene tulioulaza chini ya bahari mwaka jana ili nchi zote za pwani hii zipate mtandao wa uhakika. Unakumbuka sherehe ya kuuzindua iliahirishwa, watu wakacheka kwamba mtandao wetu umezama kabla ya kujifunza kuogelea. Mwanga unaobeba mtandao ndani yake ulififia, kisha ukakatika. Mashine ya kupimia ilionyesha umbali, na umbali ule uliangukia kwenye kiungo kimoja, mahali vipande viwili vya mkongo vilipounganishwa. Kwenye kumbukumbu za meli, kiungo kile kilikuwa cha shemeji, mumeo. Hakuna aliyengoja kitolewe majini kifunguliwe. Bahari ilikuwa imechafuka, wakubwa walitaka jina, na shemeji akawapa lake. Mengine unayajua kuliko mimi, maana yalirudi nyumbani kwako yakakaa barazani.

Nikueleze kidogo jinsi kiungo kinavyotengenezwa, maana bila hilo hutanielewa. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele wa mtoto. Fundi huziunganisha kwa moto mdogo wa mashine, mmoja mmoja, kisha huzizungusha na kuzilaza kwenye visahani viwili, kimoja juu ya kingine, ndani ya sanduku la chuma. Sanduku likishafungwa na kushushwa, wanaoliona ni samaki tu. Ndiyo maana chumba kile kina sheria inayozidi zote: sanduku moja, mkono mmoja. Anayeanza ndiye anayemaliza, na asiye na cheti hagusi hata kwa kidole.

Juma lililopita tulilinyanyua. Mkuu wa mafundi alinikabidhi mimi nilifungue, kwa kuwa siku hizi nami nina cheti, na akasema ni vyema mtu wa nyumbani ndiye aone. Nililifungua peke yangu, mlango umefungwa kuzuia vumbi. Kisahani cha juu, alichokilaza shemeji, kilikuwa safi, nyuzi zimetulia kama alivyoziacha. Nikakiinua ili nione cha chini.

Hapa kalamu imenigomea. Acha nirudi kwenye ujumbe wako.

Uliniandikia kwamba umechoka. Kwamba shemeji anashinda barazani akitengeneza simu za watu, hasemi, na ukimuuliza ilikuwaje akasinzia kazini anainamisha kichwa na kutafuta bisibisi. Kwamba mwanao mkubwa amepigana shuleni kwa kuambiwa baba yake ndiye aliyezima mtandao. Na kwamba mwezi huu ukiisha utachukua watoto uende kwa mama, ila umetaka kwanza ushauri wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo. Ukamaliza kwa kusema, "Wewe huwezi kunidanganya." Nimeyasoma maneno hayo mpaka nimeogopa kuiwasha simu.

Dada, neno la kusinzia lilitoka kwangu. Shemeji hakulisema, wala ofisi haikulisema. Ulinipigia juma lile alilofukuzwa, ukauliza kulikoni, nami nikajibu kwa sauti ya huruma kwamba siku zile shemeji alikuwa amechoka mno, tusimlaumu. Nilijua utakavyolipokea. Tangu hapo nimekuwa panya wa nyumba yenu, nauma na kupuliza. Nakusihi umvumilie, nawanunulia watoto viatu, namtumia shemeji salamu.

Mumeo hakusinzia. Siku ile mimi ndiye niliyembembeleza. Mtihani wangu wa cheti ulikuwa karibu, nikamwomba aniachie kisahani cha chini nijaribu mkono, yeye akisimamia. Alikataa. Nikamwambia mimi ni ndugu wa mkewe, si mtu wa kuokota, na kama yeye hatanifundisha nani atanifundisha. Mwishowe akasogea. Alisimama nyuma yangu akanielekeza nizungushe nyuzi kwenda kulia, kama kisahani kilivyochongwa. Nikaitikia. Alipogeuka kuandaa mfuniko, mkono wangu ukarudi kwenye mazoea yake, nikazizungusha kwenda kushoto, haraka haraka, nipate kumwonyesha nimemaliza. Uzi uliozungushwa kinyume na kisahani hupata kona kali pale unapoingilia. Kioo hakikatiki siku hiyo. Kinapimwa kinaonekana sawa, kinashushwa, kisha kinachoka polepole huko chini.

Mwanga ulipopotea nilijiambia kosa liko kwenye kisahani cha juu. Nilijiambia hivyo mwaka mzima, na nikaweza kulala. Sasa nimeona kwa macho yangu. Nyuzi zote za kisahani cha chini zimezunguka kushoto, na mmoja umekatika penye kona. Melini hakuna fundi mwingine mwenye shoto. Shemeji alijua kwamba niligusa sanduku lile. Angesema, wangetufukuza sote wawili, na mimi wakati ule sikuwa na cheti wala pa kuanzia. Akanyamaza, nami kunyamaza kwake nikakuita usingizi.

Laiti ingeishia hapo. Nilipoona, sikutoka kusema. Nilimwambia mkuu wa mafundi bado nachunguza, na siku zikapita. Jana nikashika kibano nikaanza kuzifungua zile nyuzi, nizizungushe upya kwenda kulia, nimwachie shemeji mzigo wake milele. Mzunguko wa kwanza nilishaugeuza. Nikiwa nimeushikilia hewani nikamkumbuka mwalimu wetu aliyenifunga mkono huu kwa kitambaa ili niandike kwa wa kulia, nawe ukaingia darasani kwetu bila hodi, ukafungua lile fundo mbele yake, ukamwambia, "Mkono ni wake, mwache autumie." Ulichapwa kwa ajili yangu siku ile, na hukunidai hata asante. Roho ilinisuta.

Niliurudisha mzunguko ule ulivyokuwa, nikafungua mlango na kumwita mkuu wa mafundi. Nilimweleza yote, hata hilo la kutaka kuficha. Aliinamia kisahani, akaufuata uzi kwa macho mpaka penye kona. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo yule bwana alikuwa anakulinda wewe." Amenitoa chumbani, na kiungo kitatengenezwa na mwingine. Amesema ataandika ofisini jina la shemeji lisafishwe, ingawa hakuahidi kwamba watamrudisha kazini. Mimi nitashushwa meli ikifika bandarini, na sina la kudai. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Ninyi mlikula peke yenu, mimi nikawa mpakuaji.

Uliomba ushauri. Haki ya kukushauri sina tena, ila ushahidi ninao: mumeo alikuwa macho. Ukitaka kwenda kwa mama, nenda, lakini usiende kwa sababu hiyo. Barua hii isomeni pamoja, na mwanao mkubwa awepo, asikie ni nani aliyezima mtandao. Anaweza kuwaambia wenzake shuleni kwamba ni mjomba.

Boti ya chakula inaondoka leo, nami nataka barua hii itangulie kabla sijafika. Nisalimie mama, umwambie ajifunike goti. Watoto wasalimie wote, waambie safari hii siji na viatu. Shemeji usimpe salamu zangu. Nimeshamtumia nyingi, na zote zilikuwa za uongo. Nitakuja nikae naye barazani, nimshikie taa anapotengeneza hizo simu, mpaka mwenyewe atakapotaka kunisemesha.

Ni mimi mdogo wako, kwa mkono ule ule uliowahi kuufungua,

Shoto