Waya wa Tano

MAELEZO YA SHAHIDI YALIYOANDIKWA KITUONI

Shahidi: mwanamke, umri miaka 31
Kazi: fundi wa mitandao
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha matofali
Uhusiano na marehemu: shemeji yake. Mke wa marehemu ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja.

Ninasema kwa hiari yangu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Dada yangu amekaa kwenye benchi hapo nje na hajui nilichokuja kusema. Anadhani nimekuja kumkandamiza mlinzi mliyemkamata kwa kifo cha mumewe.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, nilikuwa ofisini mjini. Shemeji alikuwa kwenye chumba cha mitambo nje ya mji, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kila mashine pale ina tundu la konsoli, ambamo fundi huchomeka waya akaiamuru hata mtandao ukiwa umekatika. Shida ni kwamba lazima uwe umesimama mbele yake. Siku hiyo tulikuwa tunatoa nyaya nane kwenye ruta moja, kifaa cha kuunganisha mitandao chenye laini yake, na kuzipeleka kwenye matundu hayo, ili nikiingia kwenye ruta kutoka ofisini niifikie mashine yoyote. Shemeji alisema tukimaliza hatalala tena kwenye gari kwa ajili ya mashine iliyoganda, atakula chakula cha mkewe kikiwa cha moto.

Afande ameniuliza tuliwasilianaje, maana ndani ya chumba kile simu haishiki. Tulikuwa na mazoea yetu. Kabla ya kuchomeka waya kwenye mashine, yeye huuchomeka kwanza kwenye laptopu yake. Akiandika neno linatokea kwangu, nami nikiandika linatokea kwake, basi tunajua waya ni mzima. Mafundi wengine huandika moja, mbili, tatu. Sisi tulikuwa tunataniana.

Kwenye waya wa kwanza aliandika: "shemeji umeamka au bado unaota mahari". Nikamjibu aache umbea afanye kazi. Halafu akaandika: "umeme umekatika, hii jenereta inakula mafuta kama ina mimba. nimemtuma mlinzi mengine. nimemwambia anifungie kwa nje, komeo bovu, mlango unajifungua na upepo unaleta vumbi kwenye mashine". Maneno haya niliyasoma kwa macho yangu. Mlinzi amewekwa ndani kwa kumfungia mtu na kutoroka lindo. Hakutoroka. Alitumwa, na aliyemwambia afunge ni shemeji yangu mwenyewe. Maandishi ya majaribio hayahifadhiwi popote, kwa hiyo hakuna ushahidi mwingine zaidi ya mdomo wangu.

Msibani baba mdogo alisema mlinzi lazima aozee jela, na watu wote wakaitikia. Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Waya wa pili na wa tatu zilikuwa nzima. Kwenye wa nne aliandika kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe maji, ndiyo faida ya kutoka nyumbani na tumbo tupu. Sikujua kwamba bomba la moshi la jenereta lilikuwa limetoboka, na moshi ulikuwa unaingia kupitia tundu la nyaya ukutani. Hilo lilionekana baadaye, na daktari akatuambia moshi ndio uliomuua.

Kwenye waya wa tano herufi zilianza kuja ovyo. Ilikuja "shmeji nna". Kisha "mcho yngu". Fundi yeyote wa kazi yetu akiona maandishi yamevurugika, kitu cha kwanza kinachomjia ni kasi. Kila upande wa waya umewekewa kasi yake ya kupitisha herufi, na kasi zikitofautiana maneno hayasomeki. Nikamwandikia: "angalia kasi yako wewe". Hakujibu. Nikasema moyoni, huyu naye kazi kusahau tu. Nikabadilisha kasi upande wangu.

Tangu siku ile sijapata usingizi wa maana kwa sababu ya jambo hili. Kasi ikikosewa hazitoki herufi pungufu. Zinatoka alama za ajabu ajabu, hazina lugha. Zile zilikuwa herufi za mtu ambaye vidole vimemkataa. Tofauti hiyo naijua vizuri, nimeshawafundisha hata wengine. Siku ile haikunijia.

Baada ya kubadilisha, iliingia mistari miwili ya alama zile za ajabu. Kisha kimya. Nikaandika jina lake la utani mara kadhaa, hakuna kitu. Hapo ndipo nilipompigia mlinzi. Alikuwa njiani na madumu ya mafuta. Nikamwambia kimbia. Nilisikia madumu yakianguka, nikasikia anavyohema mpaka mlangoni. Aliingia kwenye moshi ule akamburuta shemeji hadi nje. Akachukua simu akaniambia, "Dada, haitiki." Huyo ndiye mnayemshikilia.

Dada yangu ameniuliza mara mbili kama mumewe aliacha neno lolote. Mara zote mbili nilimjibu hakuacha. Kweli ni kwamba aliandika mistari miwili, na njia ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeiharibu kwa mkono wangu, na sasa hakuna atakayejua alikuwa anasema nini na alikuwa anamwambia nani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, ni yangu yote.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa lugha anayoielewa. Nilimfahamisha kuwa kwa suala la mlinzi sehemu ya waya wa kwanza inatosha, na kwamba akitaka, habari ya kasi inaweza kuondolewa. Alijibu, "Iache, afande." Akaomba dada yake aingie asomewe yote, tangu mwanzo. Nimemwita.