Cherehani Isiyo na Uzi: kwa Baba yetu, Santo Opoka

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tukutoe kupitia mlango ule uliozoea kukukamata miguu.

Kisugu nzima ilikujua kwa sare za shule ulizoshona. Mtoto akija kupimwa, ulimwambia mama yake, "Nitaacha pindo refu, huyu anakua kama mahindi," na mwaka uliofuata ukalishusha mwenyewe. Ulipenda chai ya tangawizi iliyopoa. Ulichukia kifungo kilicholegea, hata kikiwa cha padri. Ulimngoja nje ya kanisa na sindano mkononi.

Kisha mkono wako wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina, Parkinson, nawe ukauliza, "Huyo mzungu alinijulia wapi?" Ulicheka peke yako.

Dawa zilipopotea madukani, ulibaki na mwili wako na akili yako. Sista Joska wa mazoezi ya viungo hospitalini alikufundisha: miguu ikiganda, usiilazimishe. Simama, vuta pumzi taratibu, legeza mabega, hesabu moyoni, ndipo unyanyue mguu. Ukamjibu, "Kuhesabu ni kwa watoto wa shule, Sista. Mimi nina mashine yangu."

Ilikuwa kweli. Miguu iliyoganda mlangoni haikuganda hata siku moja juu ya pedali ya cherehani. Kwa hiyo ulipokwama kizingitini, Mama aliketi kwenye mashine yako, akaikanyaga bila uzi. Tiki-tiki, tiki-tiki. Ulifumba macho, ukapumua, ukaondoka na mdundo ule kama kijana anayekwenda dansini.

"Mama Anena, polepole, unanikimbiza!"

"Nani alikwambia uoe mtu wa haraka?"

Baadaye ulijifunza kuusikia mdundo kichwani tu, ukawa unafika hadi sokoni peke yako.

Laiti njia zote zingekuwa kama ile ya sokoni. Jumapili moja ya Julai tulitoka misa, askari wa kizuizi cha barabarani wakatuamuru tupite mmoja mmoja. Ulipofika kwenye gogo lililofunga njia, miguu ikaganda. Mkono ukatetemeka.

"We mzee, unatetemeka nini? Unaficha nini?"

"Ni ugonjwa, afande."

"Ugonjwa gani? Tembea! Haraka!"

Ulifumba macho. Tuliona mabega yako yakishuka, kama Sista alivyokufundisha. Mama akaanza kwa mdomo, kwa sauti ya chini: tiki-tiki, tiki-tiki. Mguu wako wa kushoto ukanyanyuka.

"Nyamaza, mama! Hapa si ngomani!"

Mama akanyamaza. Nani angeendelea mbele ya bunduki? Mguu ulikuwa bado hewani. Ulianguka, nyonga ikavunjika, hukusimama tena. Mwezi uliofuata, kifua kilikubana na kukuchukua.

Mwaka jana, askari wale wakiwa bado wanatawala, hatukuweza kuandika haya. Leo tunayaandika, na bado yanauma vilevile. Ulikuwa umeushinda ugonjwa pale, Baba. Ilibaki hatua moja.

Siku ya mazishi, wabebaji walipofika mlangoni na jeneza, Mama aliinuka mkekani. Baba mdogo Ochan alimshika mkono.

"Niache, shemeji," akasema. "Hapa huwa anakwama."

Akaketi kwenye cherehani, akaikanyaga bila uzi mpaka ukavuka kizingiti, mpaka ukafika barabarani. Safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Unakumbukwa na mkeo Lakot, wanao Anena na Olanya, mdogo wako Ochan, na jirani yako Mama Aminah, ambaye watoto wake bado wanashushiwa mapindo uliyowaachia.

Daima tutakukumbuka, Baba, na si kwa kunyamaza.

Kisugu, Kampala
Agosti 1979