Chupa ya Baba Imefika Mugango

Shikamoo Mama,

Chupa ya marehemu Baba imefika salama. Toka Bunda niliipakata kama mtoto mchanga, na hapa kwa Baba Mdogo nikaisimamisha kabatini siku nzima ili mashapo yatulie, kama Baba alivyokuwa akifanya na divai zake zote za poti, zile tamu za kizungu. Hata kile kitambaa cheupe cha kuchujia nilikuja nacho.

Jana mchana, tulipomaliza sala na sato wa kuchoma, Baba Mdogo akasema sasa ndipo anamuaga kaka yake, maana siku ya mazishi miguu ilimkatalia. Halafu, Mama, kabla sijafungua mdomo, akaishika chupa kwa mikono miwili akaitikisa kama togwa! Chupa iliyolala tangu mwaka niliozaliwa!

“Kizuri kinakaaga chini,” akanieleza. “Usipotikisa, wa kwanza anakunywa maji, wa mwisho anashiba peke yake.”

Kitambaa kikabaki mkobani. Tulikunywa watu tisa kwa vikombe vya chai, divai nyeusi kama tope, tamu ajabu, mashapo yakikwama kwenye meno. Shangazi akaomba tena. Baba Mdogo akafuta machozi, akaniuliza, “Kaka naye alikuwaga anakunywa hivi?”

Nikamjibu, “Hivi hivi, Baba.”

Pole na upweke wa nyumba. Jumapili Baba Mdogo atakupigia simu akuulize jambo hilo hilo. Tafadhali, Mama yangu, usinikane.

Mwanao,
Nyangeta