Gitaa la MaZungu na Sarafu Mbili: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Chama cha Wapiga Maskandi, Gingindlovu

Kibao kinachoshikilia nyuzi za gitaa la MaZungu kiling'oka saa mbili asubuhi ya leo, siku kumi na moja baada ya chama kulinunua. Hayo yalielezwa na MaZungu mwenyewe, aliyelileta ukumbini likiwa limefungwa ndani ya blanketi na kuliweka juu ya meza ya Mwenyekiti.

TAREHE: Jumatano, 11 Juni 2014, saa 10:00 jioni
MAHALI: Chumba cha nyuma, ukumbi wa kanisa

WALIOHUDHURIA
Bw. Mbongeleni Shezi – Mwenyekiti
Bw. Phakade Xulu – Makamu Mwenyekiti
Bw. Dumezweni Gwala – Mjumbe, fundi seremala
MaZungu – Mwanachama anayejifunza. Mjane wa mwasisi wa chama, marehemu Bhekifa Cele
Bi. Nokwazi Mhlongo – Katibu

WASIOHUDHURIA
Bw. Zibuse Ntuli – Mhazini (yuko msibani)
Bw. Sokhaya Biyela – Mjumbe (bila taarifa, mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/06/2014: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao. Bw. Xulu alipendekeza suala la gitaa lijadiliwe mwisho, baada ya sare za chama. Hakuna aliyemuunga mkono.

KUMB. NA. 2/06/2014: JINSI GITAA LILIVYOCHAGULIWA
Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe 31 Mei yeye, Bw. Xulu na Mhazini walikwenda Empangeni pamoja na MaZungu kumnunulia gitaa la kuanzia, la bei nafuu. MaZungu aliachwa kwenye benchi nje ya duka kulinda mizigo. Bw. Xulu alishika gitaa, akasimama, akapiga. Wauzaji walimpigia makofi. Gitaa lilinunuliwa.

MaZungu aliuliza ni nani kati ya wale watatu alikuwa anaanza kujifunza.

Bw. Xulu alikiri kwamba jioni ile ile aling'oa nyuzi za nailoni zilizokuja na gitaa na kufunga za waya, kwa kuwa maskandi, muziki wetu wa gitaa, haipigwi kwa nailoni. Alisema angefanya hivyo tena.

KUMB. NA. 3/06/2014: MALALAMIKO YA MAZUNGU
MaZungu alionyesha vidole vinne vya mkono wa kushoto. Vitatu vilikuwa na plasta. Alisema kwa siku kumi na moja alikuwa akibonyeza waya usiobonyezeka, na kila alipolalamika aliambiwa hana moyo.

Bw. Xulu alisema: "Kila aliyejifunza gitaa alitoka damu, shemeji. Mimi nilianzia kopo la mafuta na waya wa breki ya baiskeli."

MaZungu alijibu: "Ulianzia kopo kwa sababu hukuwa na gitaa. Mimi mmesema mmeninunulia gitaa. Basi kopo langu la nini?"

KUMB. NA. 4/06/2014: TAARIFA YA FUNDI
Bw. Gwala alikagua gitaa mbele ya wajumbe. Alieleza kwamba limejengwa jepesi, kwa ajili ya nailoni. Waya huvuta kwa nguvu zaidi. Shingo ilipinda, uso ukavimba, kibao kikang'oka. Shingo ikipinda, nyuzi hukaa mbali na ubao, na anayeanza hawezi kuzibonyeza.

Kwa kuwa gitaa hili haliwezi tena kupimwa, MaZungu alisema alilipima Jumapili: sarafu mbili za randi tano zilizobebana zilipita chini ya waya, katikati ya shingo, bila kuugusa. Bw. Gwala alisema hata moja tu ikipita kwa nafasi, gitaa hilo si la mwanafunzi. Aliulizwa na Mwenyekiti kwa nini hakusema mapema. Alijibu kwamba hakualikwa Empangeni.

Gundi haitasaidia.

KUMB. NA. 5/06/2014: SHUGHULI YA TAREHE 2 AGOSTI
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba siku hiyo familia ya Cele itafanya shughuli ya kumrudisha marehemu nyumbani, yaani kuikaribisha roho yake, na kwamba kila mpiga maskandi ana izihlabo zake, yaani mapigo yake ya kufungulia wimbo, ambayo mwingine hayachukui. MaZungu ameomba kuzipiga za mumewe yeye mwenyewe.

Bw. Xulu alisema muda hautoshi, na kwamba yuko tayari kuzipiga yeye, kwa heshima ya rafiki yake.

MaZungu alisema: "Nimezisikia jikoni kwangu miaka thelathini na moja. Wewe unazikosea mahali pawili na hujui. Cele alipokuwa hai, mbona hukuzipiga mbele yake?" Aliongeza kwamba mtu anayesubiri nafasi yake ndiye aliyemchagulia gitaa.

Bw. Xulu aliomba maneno hayo yasiandikwe. Mwenyekiti aliagiza yaandikwe.

KUMB. NA. 6/06/2014: MAAZIMIO
MaZungu alisema ameona gitaa la mtumba katika duka moja la Eshowe, la randi 950, lililojengwa kwa ajili ya waya. Alilishika mwenyewe. Sarafu moja iliingia na kukwama.

Bw. Xulu alisema amewahi kuliona, limechubuka, na linafaa kuanikia soksi. MaZungu alisema vidole vyake havina macho.

Iliazimiwa linunuliwe, na kwamba kuanzia sasa gitaa la mwanafunzi litashikwa kwanza na mwanafunzi. Waliokubali: wanne. Bw. Xulu hakupiga kura.

Ilibainika kwamba mwenye gari ni Bw. Xulu peke yake. Aliagizwa kuendesha. Aliuliza atafanya nini dukani. Mwenyekiti alieleza kwamba nje ya duka lile pia kuna benchi, na mizigo inahitaji mlinzi.

Majadiliano yalikoma saa 11:40 jioni. MaZungu aliondoka na blanketi lake. Gitaa lilibaki mezani.

Mwenyekiti: M. Shezi (saini)
Katibu: N. Mhlongo (saini)

Taarifa kwa Bw. Xulu: gari liwe mlangoni kwa MaZungu Jumamosi, 14 Juni, saa mbili kamili asubuhi. Mazoezi yataanza siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri.