Saa ya Anésie

Ujiji, 2 Februari 1997

Mpendwa mdogo wangu Anésie,

Amahoro. Mimi mzima, ni kifua tu na mvua hizi. Wewe na kindege chako cha viti sita mnaendeleaje huko Mwanza?

Unasema saa yako ya mkononi imekufa. Nitakununulia mimi. Fundi mmoja hapa ananisukumia ya rangi ya dhahabu, visaa vitatu vidogo vimeota usoni kama ndui. Nikamwambia, "Mzee, mdogo wangu anarusha ndege, haendi kuolewa." Niambie unataka ya namna gani.

Kwetu saa si pambo. Siku ya kukimbia vita mwaka 1993, mama alifika ufukweni akifuata saa ya Burundi. Martini mwenye boti akang'oa nanga kwa saa ya kwao Kagunga, saa ya Tanzania, iliyo mbele kwa saa nzima. Abiria wake wote Warundi, na asijue? Alijua! Walimwomba amngoje mama, akajibu boti si ya mama yenu. Waliomkuta mama pale hawakumwacha hai. Magazeti manne yamezikataa barua zangu juu ya mtu huyu. Sijachoka.

Kaka yako,
Nikodemu

Mwanza, 15 Februari 1997

Shikamoo kaka,

Pole na kifua. Kunywa dawa, usikigombeze.

Dhahabu mwachie fundi. Nataka uso mweusi, tarakimu nyeupe kubwa, nisome kwa kutupa jicho tu ndege ikirukaruka mawinguni. Mshale wa sekunde lazima. Ukingo uwe wa kuzungushwa, niweke alama kila ninapobadili tangi la mafuta. Mkanda wa kitambaa; wa chuma hunikwaruza. Ya betri, maana ya kutia ufunguo nitaisahau. Vifungo vingi sitaki: mkono mmoja uko kwenye usukani.

Kuhusu Martini, kaka, mimi pia ni mtoto wa mama. Lakini usinipe kazi hiyo.

Mdogo wako,
Anésie

Kigoma, 9 Machi 1997

Anésie wangu,

Habari za siku? Saa bila shaka dereva wa basi amekufikishia. Nyeusi, mbaya, imara. Kama mimi.

Sasa kaa chini. Leo asubuhi redio ya upepo ya hapa kazini imeita kutoka kambini Kibondo: mfanyabiashara wa dagaa, utumbo umejifunga, apelekwe Kigoma kupasuliwa. Jina? Martini wa Kagunga! Na rubani ni wewe.

Kutangaza saa ya ndege ni kazi yangu. Nimesema, "Saa kumi na moja u nusu." Kwa kawaida huongeza, "saa ya Tanzania," kwa sababu wabeba machela wa kule hawajageuza saa zao tangu wavuke. Leo sikuongeza. Watafika saa nzima nyuma, na viwanja vyetu havina taa, lazima rubani atue kabla ya giza. Wewe huna hatia, utaondoka kwa saa yako. Aachwe naye kama mama ufukweni, aone!

Nafunga redio, narudi Ujiji kulala usingizi wa miaka minne.

Kaka yako,
Nikodemu

Mwanza, 16 Machi 1997

Kaka,

Natumaini umelala vizuri.

Barua yako niliikuta Mwanza, kazi imekwisha. Siku ile nilingoja hadi saa kumi na mbili na robo, nikaruka. Nilipogeuza bawa nikaona machela inakimbizwa uwanjani, mwanamke mmoja anapunga kanga. Nikatazama saa: dakika arobaini na tano hadi Kigoma, na mwanga wa dakika hamsini na tano. Nikashuka, nikambeba; jina nililisoma kwenye cheti chake. Tulitua Kigoma jua limezama, njia naiona kwa shida. Njiani alinishika bega, akaniita "mama". Nilitamani kumtupa ziwani. Sikumtupa.

Yule mwanamke ni mkewe. Ameapa kumpata aliyetangaza saa ile. Wabeba machela wanapigwa na ndugu zake kwa sababu yako, Warundi wenzetu, na mmoja amevunjwa mkono.

Kwa hiyo barua yako nimemtumia Martini hospitalini, pamoja na maelezo mafupi kuhusu mama, ajue kwa nini. Daktari anasema ataruhusiwa Ijumaa.

Usiondoke nyumbani; nimemwelekeza kwako. Ulitaka miaka yote kumwambia usoni.

Mdogo wako,
Anésie