Ufa Alioacha Baba

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya kanisa imeamua nyumba ya mchungaji ibomolewe. Jumamosi hii hii! Miaka ishirini na sita napika na kufagia humu, halafu naambiwa na shemeji, mwenyekiti, kasimama mlangoni hata viatu hajavua. Eti ina ufa toka sakafuni hadi darini, itaua mtu. Nikamwambia ufa huo naujua kuliko anavyoyajua meno yake. Akacheka. Acha acheke.

Jumanne, 5 Machi
Nimeupima kwa kamba. Umenyooka wima, juu hadi chini. Ukuta unaoanguka hupasuka hivyo? Upande wa mbele ni wa wazee wa kale, mawe na udongo, kuta nene mkono mzima. Jikoni kajenga baba yangu, fundi, kwa matofali ya kuchoma. Mimi ndiye niliyekuwa namkorogea chokaa. Alisema ukuta wa zamani umeshatulia, mpya bado unashuka, ukizifunga pamoja zitavunjana. Akaacha nafasi ya kidole. Makusudi!
Nimemweleza mchungaji mpya. Mpole mno. Anasema atatuombea wote. Haya.

Alhamisi, 7 Machi
Unyevu upo, sikatai. Lakini nani aliyepiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo, mwaka ule wa jubilei? Shemeji! Baba alipaka chokaa tu, kila kiangazi, ukuta upumue. Saruji imefungia maji ndani. Leo nimechukua patasi ya baba, nikabandua sehemu ya ukubwa wa meza. Maji matupu — lakini mawe mazima. Nimelia kwa hasira. Na kwa furaha, niseme ukweli.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika juu ya ngazi. Wamekuja saa mbili asubuhi, shemeji na mafundi wanne na nyundo zao. Pale nilipobandua juzi pameanza kukauka. Na ndani ya ufa nimekuta kibao cha baba, kile alichopimia nafasi, bado kimesimama!
Nimemshushia shemeji. "Ufa gani huo, shemeji, unaozaliwa na kibao cha fundi ndani yake?"
Kakigeuza, kakigeuza. Mafundi wameweka nyundo chini, wanamtazama. Sasa anampigia simu askofu, kibao bado kimo mkononi.
Mchungaji katoka, kakunja mikono ya kanzu, kashika ngazi yangu. Hata kuomba haombi.
Saruji imebaki upande wa dirishani. Nabandua.