Mafuta ya Taa Kwenye Unga

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Mama Pacha, miaka 46
Kazi: Muuza sabuni na chumvi, soko kuu
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya soko

Mnamo Jumatatu iliyopita daraja lilikatika, malori yakakwama ng'ambo. Jioni yake wauza unga walikutana sebuleni kwangu, maana mume wangu ndiye mwenyekiti wao. Niliwaandalia chai, nikasikia kila neno. Walikubaliana kupandisha bei mara tatu. Mume wangu alisema, "Jamani, kufa kufaana." Wakacheka. Mimi sikucheka.

Aliyekataa ni mmoja tu, mjane tunayemwita Nyongeza kwa kuwa hakupimii bila kukuongezea konzi. Alisema, "Unga wangu niliununua kabla daraja halijakatika. Niwapandishie watu bei kwa lipi?" Akaondoka, chai hajaimaliza.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kibanda changu, kinachotazamana na chake. Foleni yake ilifika barabarani. Mume wangu akaja na dumu la mafuta ya taa, akamwambia, "Dada, unatuharibia soko." Akajibiwa, "Shemeji, mimi nauza tu." Basi akamimina mafuta kwenye magunia yote manne yaliyokuwa wazi.

Sasa anadai dumu lilimteleza. Afande, dumu likiteleza huanguka mara moja, halizunguki gunia baada ya gunia! Tena ni la jikoni kwangu, nalijua kwa kizibo chake cha gunzi.

Ule ndio mtaji wote wa yule mama. Hakupiga kelele. Aliketi chini akawa anatenga unga mkavu kwa kiganja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamwomba ule unaonuka, eti atauanika. Mtu mzima na akili zake, anamwagia watu chakula!

Nyumbani mume wangu aliniambia, "Wewe hukuona kitu. Unakula jasho la nani?" Nikamwambia leo sili. Nimemtetea kwa mengi, hili simtetei.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na mbele ya hakimu nitayarudia.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nilimfahamisha shahidi kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Alijibu, "Nimekuja kwa miguu yangu." Nilimsomea maelezo yake, akayakubali. Nilipomuuliza tutampata wapi siku ya kesi, alisema tusimtafute kwa mumewe. Atakuwa kwa Nyongeza.